Upande wa Baridi

Kiwanda chetu cha mbao kilikuwa na injini moja ya mvuke, na injini ile ilikuwa na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa boila na kuitunza injini, na kwa ajili hiyo vijana wa msumeno walimpa jina la Mchochezi. Jina hilo liliwachekesha kwa sababu hapakuwa na mtu mtulivu kumpita. Ukitokea ugomvi uwanjani, yeye ungemkuta ndani, anapangusa kioo cha geji ya kupimia mvuke kwa kitambaa kama anayemfuta mtoto uso.

Mimi nilikuwa mnoa misumeno. Kati ya chumba changu na chumba cha injini palikuwa na dirisha lisilo na kioo, na miaka yote tuliyofanya kazi pale tulizungumza kupitia dirisha hilo, yeye na jasho lake, mimi na tupa yangu.

Boila ilikula mabanzi, yaani vile vipande vya pembeni vyenye magome vinavyobaki gogo likishapasuliwa. Mabanzi yasipotosha, lori lilileta kuni. Mvuke uliisukuma pistoni, pistoni ikazungusha gurudumu kubwa, na kutoka kwenye gurudumu mkanda ulipita tundu la ukuta hadi kwenye msumeno. Mvuke uliokwisha kufanya kazi uliingia katika sanduku la chuma lililojaa mabomba membamba. Maji ya kijito yalipita ndani ya mabomba hayo, yakaupoza mvuke mpaka ukarudi kuwa maji, kisha yenyewe yakatokea upande wa pili yakiwa na uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto. Yaliteremka kwenye mfereji wa saruji uliopita nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Hapo ndipo wanawake walipofulia.

Dada alikuwa mmoja wao, tena ndiye aliyefua ovaroli za kiwanda kizima. Kila asubuhi aliamka vidole vimekakamaa, vimejikunja kama mtu anayeshika kikombe. Hakuweza kufunga kifungo cha gauni. Binti yake ndiye aliyemfungia. Akifika mferejini alikaa kwenye ukingo, akaitumbukiza mikono yote miwili hadi viwiko. Baada ya muda vidole vilianza kulegea, kimoja kimoja, naye akaanza kufua na kutania wenzake. Sisi wengine tulidhani amekaa kupumzika.

Mchochezi hakuupenda mfereji ule. Alikuwa akinionyesha kwa kidole kupitia mlango wa nyuma.

"Unaona, shemeji? Kuni zangu zile zinakwenda."

"Zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kufua soksi za Meno."

Meno alikuwa mpasuaji mkuu, na aliitwa hivyo kwa kuwa yalikuwa yamebaki machache.

Shemeji alikuwa anatania, lakini jambo lenyewe lilimkera kweli. Aliyaona maji baridi kama mwizi aliyeingia nyumbani kwa mlango wa nyuma na kutoka na joto lililotafutwa kwa jasho. Kwa hiyo koki ya maji ya kijito aliiacha imefunguliwa kidogo tu, mpini wake ukiwa kwenye alama aliyoichonga kwa patasi juu ya bomba. Maji yalipita machache, na kwa kuwa yalikuwa machache yalitoka yakiwa na joto zuri. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Siku moja Tajiri, mwenye kiwanda, aliingia chumba cha injini mwenyewe. Kwa kawaida alituma mtu. Alisimama mbali na moto, kofia mkononi.

"Nguzo za umeme zimeshafika barabarani," alisema. "Mota moja inatosha kuzungusha msumeno, na haili kuni."

Mchochezi aliendelea kushika kitambaa chake.

"Wachoma matofali wanayataka mabanzi yote niliyonayo, na wewe unayachoma," Tajiri aliendelea. "Sikulaumu. Nakwambia tu. Ukipunguza kuni kwa kiasi cha kuonekana kabla ya mvua, injini itabaki. Ukishindwa, naiuza chuma chakavu, na ile nyumba yenu nitampa fundi wa umeme. Si nyumba yenu ya urithi, ni ya kiwanda."

"Nimesikia, Tajiri."

Alipotoka nilimwona shemeji anaweka kiganja kwenye silinda ya injini, pale ambapo mtu asiyezoea angeungua. Alikuwa amekuja pale kijana wa kubeba magogo, akapanda hadi hapo. Hakujua kazi nyingine, na umri wa kuanza upya ulikuwa umempita.

Alichofanya siku iliyofuata kilitokana na yale aliyoamini maisha yake yote. Kama joto linaibwa na maji baridi, basi afunge mlango wa mwizi. Akaifunga koki kabisa. Akaniambia kupitia dirishani, uso unang'aa, "Leo halitoki hata tone."

Kwa kitambo kidogo mambo yalikwenda. Kisha nikasikia mlio wa msumeno ukibadilika, ukawa mzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Sanduku la mabomba lilikuwa limepata joto kali. Gurudumu likapunguza mwendo. Shemeji akatupa mabanzi, akatupa tena, na geji ikapanda, lakini gurudumu halikutaka. Mwishowe msumeno ulisimama katikati ya gogo, umebanwa, na mkanda ukaanza kuteleza na kunuka.

Meno alikuja mbio. "Mchochezi! Umelala?"

"Moto upo!"

"Moto upo, nguvu ziko wapi? Au umezitia mfukoni?"

Vijana walicheka. Ilibidi gogo lipigwe kabari ili kuutoa msumeno, na nilipoukagua, meno yake matatu yalikuwa yamekatika. Shemeji aliirudisha koki kwenye alama ya patasi. Hakuelewa. Mvuke ulikuwa mwingi kuliko siku zote, na kazi ilikuwa haba kuliko siku zote.

Jioni ile tulikaa mferejini, mimi na yeye kwenye ukingo, na dada akimalizia ovaroli. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwa vile alipenda kueleza mambo nyumbani tulimwita Profesa. Alikuwa anasuuza sahani. Baba yake alisimulia yaliyotokea kwa sauti ya chini.

"Baba, ulifunga upande wa baridi," Profesa alisema.

"Nilifunga wizi."

"Si wizi." Akaweka sahani chini. "Pistoni ikisukumwa mbele, inatakiwa irudi, sivyo? Ikirudi inausukuma ule mvuke uliobaki. Mvuke ukipozwa unasinyaa, unakuwa tone la maji, unaipisha. Usipopozwa, unakaa palepale na kuigomea. Nguvu uliyoipata kwenda unailipa kurudi. Ni kama kulisukuma toroli mbele huku mjomba analivuta nyuma."

"Mimi tena?" nikasema.

"Mfano tu, mjomba."

Mchochezi alifikiri. "Sawa. Injini yetu ni kuukuu, inavuja. Lakini tuseme ipatikane moja isiyovuja. Haina msuguano, haina kutu. Imetengenezwa na malaika. Hiyo si itageuza joto lote kuwa kazi?"

"Mwalimu alituchorea hiyohiyo," Profesa alisema. Akachovya kidole majini, akachora duara juu ya saruji kavu. "Hapa hewa iliyo ndani yake inapokea joto kutoka kwenye moto, nayo ina joto sawasawa na moto, inatanuka polepole. Hapa inatengwa na moto, inaendelea kutanuka yenyewe mpaka inapoa ikawa sawa na baridi. Hapa inasukumwa irudi, na joto la kusukumwa inalimwaga kwenye baridi. Hapa inatengwa na baridi, inasukumwa zaidi mpaka inapata joto tena la moto. Imerudi ilipoanza. Hakuna kilichovuja, hakuna kilichosuguana. Na bado, baba, hapa chini ni lazima imwage."

"Hata ya malaika?"

"Hata ya malaika. Joto linafanya kazi likishuka, kama maji yanayozungusha gurudumu. Pasipo na mteremko maji hayazungushi kitu, hata yawe bahari. Moto ukiwa na joto sawa na sanduku, injini haitikisiki."

"Na inamwaga kiasi gani?"

Alikokotoa kichwani, macho juu. Alituambia kwamba joto hapo linahesabiwa kuanzia kwenye ubaridi wa mwisho kabisa, ule usiokuwa na mwingine chini yake. Kwa moto wa boila yetu na ubaridi wa kijito chetu, injini ile kamilifu ingefanya kazi ya gogo moja katika kila magogo matatu. Mawili yangekwenda majini.

Mchochezi aliutazama mfereji. Mawili kati ya matatu. Na yetu haikuwa ya malaika.

"Kwa hiyo hakuna la kufanya," alisema.

"Lipo. Mteremko unaweza kuurefusha. Moto huwezi kuuongeza, boila itapasuka. Basi shusha chini. Fungua koki yote, maji ya kijito yapite kwa wingi, sanduku liwe baridi kama linavyoweza. Moto uleule utakupa kazi zaidi."

Hapo dada aliacha kukamua.

"Na maji haya ya kufulia yatakuwaje?" aliuliza.

"Yatatoka mengi, mama. Ila yatakuwa karibu na baridi."

Dada aliitazama mikono yake iliyokuwa ndani ya maji. Nakumbuka kwamba aliitazama, kwa sababu nami niliitazama, nikaona ovaroli tu. Kisha akasema, "Fungua, baba watoto. Tukikosa nyumba, tutafulia wapi?"

"Utaweza kufua na maji baridi?"

"Wote wanaofulia kijitoni wanaweza. Mimi nimeumbwa kwa sukari?"

Shemeji alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Tajiri aje.

Kesho yake aliizungusha koki mpaka mwisho. Baada ya muda nilisikia msumeno ukipanda sauti, ukawa mwembamba na safi, nikajua hata kabla hajaniita. Alisimama dirishani na banzi mkononi, hana mahali pa kulitia.

"Limebaki, shemeji," alisema. "Moto hauhitaji."

Mabanzi yakaanza kurundikana uwanjani. Wachoma matofali walipakia. Lori la kuni liliacha kuja. Tajiri aliingia tena, safari hii kofia kichwani, akampiga Mchochezi begani na kumwambia injini inabaki. Juu ya hayo, akasema, kila Jumamosi achukue mzigo wa mabanzi apeleke nyumbani, ni asante ya kiwanda.

Wanawake wa mferejini hawakufurahi. Mmoja wao, mama mnene aliyeishi nyumba ya pili, alimngojea mlangoni.

"Mchochezi wewe! Umetuzimia moto!"

"Joto lenu nimelirudisha kazini, mama. Lilikuwa limezoea kustarehe."

"Na sisi tutastarehe lini?"

"Mkizeeka."

Wakacheka, kisha wakazoea. Dada akaacha kukaa ukingoni. Alisema amechoka na umbea wa mferejini, heri afulie uani kwake kwa utulivu. Ikaonekana ni jambo la kawaida. Mume wake alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni, Profesa alikuwa shuleni, na mimi nilikuwa na tupa yangu. Kwamba kila asubuhi aliwasha mabanzi yale ya asante kwenye mafiga matatu uani, akateleka sufuria kubwa, akaitumbukiza mikono humo kabla ya kuanza kazi, hilo tulilijua baadaye. Kiwanda kilichoma kuni chache, yeye akachoma zilizobaki. Injini ilikuwa ikimpa joto lile bure, limekwisha pozwa kwa kiasi cha kuvumilika. Sasa alilazimika kulichemsha, kulipunguza kwa maji ya ndoo na kulibeba mwenyewe.

Na alilibeba kwa mikono ambayo ilikuwa bado haijafunguka.

Ilikuwa asubuhi ya baridi. Mama wa nyumba ya pili alisikia sufuria ikianguka kwenye saruji, halafu sauti ambayo hakuitambua kuwa ya dada. Maji yalimpata kuanzia tumboni hadi miguuni. Shemeji alikimbia kutoka chumba cha injini, akauacha moto peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mimi ndiye niliyeingia kufungua mvuke utoke, boila isipasuke.

Hospitalini walifanya walichoweza. Alilala chini ya chandarua kilichoinuliwa kwa fito kisimguse ngozi, na mwanzoni aliongea vizuri, hata akatania. Mchochezi alikaa kwenye stuli, ovaroli bado mwilini.

"Sufuria ilikuwa nzito?" alimuuliza.

"Haikuwa nzito. Vidole ndivyo vilivyoiachia."

"Vidole vimeanza kuuma tena?"

"Havikuacha. Vilikuwa vinafunguka mferejini tu. Nikivitia kwenye maji yako vinafunguka." Akavuta pumzi. "Maji yako yalikuwa hayaunguzi."

Sikupenda kuutazama uso wa shemeji, nikaitazama miguu ya stuli.

"Mbona hukuniambia, mama watoto?"

"Ningekuambia, ungeirudisha koki, tukose nyumba."

Ilikuwa kweli.

Vidonda vilichafuka, homa ikapanda, na baada ya hapo hakuongea tena mambo ya kueleweka. Alimwita mama yetu, aliyekufa zamani. Alituuliza kama ovaroli zimekauka. Profesa alimwambia zimekauka zote, mama, tumezikunja. Alfajiri moja alifariki.

Tulimzika, watu wakaja, watu wakaondoka. Shemeji alirudi kazini mapema kuliko alivyoruhusiwa, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu nyumbani palikuwa na mafiga yale uani. Aliwasha boila, akapangusa kioo cha geji. Kisha nilimwona anakwenda kwenye koki. Aliuzungusha mpini polepole, kama anayegeuza mgonjwa kitandani, mpaka ukafika kwenye alama ya patasi. Akaacha.

Msumeno ukawa mzito kidogo. Meno alikuja, akatia kichwa mlangoni, akaona mpini ulipo, akaona na aliyeugeuza. Akarudi kwenye msumeno wake. Siku zile aliwaambia vijana wapunguze kasi ya kusukuma gogo, na walipouliza aliwatukana.

Mferejini uvuguvugu ulirudi. Mama wa nyumba ya pili alitia mkono, akautoa haraka kama aliyegusa kitu cha mtu, kisha akaketi ukingoni na kulia mbele ya nguo zake.

Rundo la mabanzi likapungua uwanjani, lori likaanza tena kuja. Tajiri hakuchelewa.

"Koki nani ameigusa?"

"Mimi," Mchochezi alisema.

"Kuni zimerudi kuwa kama zamani."

"Zimerudi."

"Ulikuwa umeshashinda, bwana. Nilikuwa nimeshakuachia injini." Tajiri hakuwa mtu mbaya, siku ya maziko alikuja na kusimama hadi mwisho. Alishusha sauti. "Najua una msiba. Lakini yule hawezi kurudi kwa ajili ya maji ya moto."

"Najua hawezi."

"Sasa unamwashia nani?"

Shemeji alikikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne.

"Huyu mama wa nyumba ya pili ana mikono," alisema. "Na yule mwingine. Sijawauliza. Huyu wangu sikumuuliza, Tajiri. Nililiangalia lile joto likienda, miaka yote, nikaona kuni. Sikuinua macho nione linakofikia."

"Unaelewa nitakachofanya?"

"Naelewa. Kifanye tu."

Mota ya umeme ililetwa kabla ya mvua za mwaka ule kwisha. Ilikuwa ndogo, iliingia kwenye kona ambayo Mchochezi aliwekea makoleo. Alipewa siku za kuhama, na akatafuta vyumba viwili mjini karibu na chuo ambacho Profesa alikuwa amepata nafasi. Mimi nilibaki, maana misumeno inanolewa hata chini ya umeme.

Siku ya mwisho aliomba auzime moto mwenyewe. Hakutupa maji juu yake kama walivyotaka vijana. Aliuacha umalize mabanzi yaliyomo, na geji ikashuka taratibu, na gurudumu likazunguka bila mkanda mpaka likachoka. Lilisita juu, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Koki aliiacha wazi pale kwenye alama, maji ya kijito yaendelee kupita.

Kisha akaenda mferejini. Wanawake walikuwa wamekwisha anua nguo. Alikaa ukingoni, mahali palepale dada alipokuwa akikaa, akafungua vifungo vya mikono ya ovaroli, akakunja mmoja na kutia mkono majini hadi kiwiko. Mimi na Profesa tulisimama nyuma yake na mizigo. Sanduku lilikuwa bado na joto la siku nzima, na maji yalikuwa yakilitoa kidogo kidogo. Tulikaa mpaka ukuta wa kiwanda ukapoteza jua.

Profesa aliinama, akachovya vidole karibu na mkono wa baba yake.

"Baba, toa mkono. Yamekuwa sawa na ya kijito."

"Bado kidogo," alisema.

Hayakuwa na joto lolote. Niliyagusa mwenyewe. Lakini tulimngoja, Profesa akaketi upande wa pili wake na kumfungia kifungo cha mkono ule mwingine, uliokuwa mkavu.